Picha Zilifunguka Saa Tatu

Kikombe cha bati kilianguka, kikabingirika juu ya sakafu ya saruji, kikagota kwenye mguu wa kitanda, kikanyamaza.

Mama Esperance alikisikia akiwa jikoni. Alikuwa amechutama mbele ya mafiga akipuliza moto wa chai, kwa sababu nyumba ilijaa wageni na hakutaka mgeni aamke akute majivu. Nje bado kulikuwa na giza, na baridi ya Julai ya Kibondo ilikuwa inauma vidole. Alisubiri amsikie mumewe akikohoa au akinung'unika. Hakusikia kitu.

"Mzee?" aliita. "Umeangusha kikombe?"

Alifuta mikono kwenye kanga, akachukua taa ya sola, akaingia chumbani. Mzee Nsabimana alikuwa amelala ubavu, mkono umening'inia nje ya kitanda, vidole vimekunjika kana kwamba bado vimeshika kikombe. Jasho lilikuwa halijakauka usoni, lakini pumzi haikuwapo. Mama Esperance aliuinua ule mkono, akauweka juu ya kifua. Kisha akamfunika miguu, maana miguu ya mzee haikupenda baridi. Ndipo akapiga kelele.

Sajenti Esteri wa kituo cha polisi alifika saa moja asubuhi, Jumapili, pamoja na daktari wa zamu. Daktari aliutazama mwili kwa muda mrefu, akatoka nje akinawa mikono.

"Jana jioni alisema nini?" aliuliza.

"Kwamba tumbo linamkata na macho yanaona ukungu," alijibu Mama Esperance. "Tulidhani ni uchovu. Tulimcheka kidogo, tukamlaza. Tulimcheka, daktari."

Daktari alimvuta Esteri pembeni. "Hii ni sumu ya shambani, ile ya kuulia wadudu. Uchunguzi wa maabara utachukua muda, lakini mimi sina shaka."

Kabla jua halijakausha umande, ua mzima ulikuwa umeshapata jina la muuaji. Watu walilisema chini chini, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kiha. Murozi, walisema. Mtia sumu. Consolée.

Consolée alikuwa jirani wa boma lile. Alivushwa mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Uraia alikuwa ameupata zamani, na kipande cha shamba alichokilima alikuwa ameazimwa na Mzee Nsabimana kwa mdomo tu. Jumamosi hiyo, wakati binti wa mwisho wa mzee, Claudine, alipoagwa kwenda kuolewa Kasulu, pombe ya ndizi ilitengenezwa na Consolée. Mtungi mkubwa wa wazee, ambao kila mzee huunywea kwa mrija wake wa tete, aliuhudumia yeye.

Esteri alimkuta amekaa peke yake kwenye kigogo nyuma ya nyumba. Hakuna mtu aliyekuwa karibu naye hata hatua kumi.

"Pombe ulipika wewe, mama?"

"Ego, ndiyo, afande. Ndizi zangu, mtungi wangu."

"Nani alionja?"

"Mimi. Kwetu anayeandaa huonja kwanza, watu wote wakiona, ili mgeni asiwe na hofu. Nikavuta nyingi. Wakacheka, wakasema Consolée leo ana kiu."

"Baada yako wakanywa wangapi?"

"Wazee wote wa mbele. Ni wazima. Wako pale nje, wananiita murozi."

"Mzee Nsabimana alipewa mrija na nani?"

Consolée alifikiri. Machozi yalikuwa yamekauka shavuni yakaacha mstari. "Sikuona uso. Nilikuwa nimeinama naushika mtungi usiyumbe. Mtu anayeshika mtungi hainui macho mkubwa anapopokea mrija, ni aibu. Niliona viatu tu, vyeusi."

"Viatu vyeusi vilikuwa vingi jana."

"Hata vya mwanamume wako, kama unaye," alisema Consolée, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. Halafu akaikumbuka hali yake, tabasamu likafa. "Watanifukuza, afande. Matanga yakiondolewa Alhamisi, wazee watasema nihame. Nikihama niende wapi? Burundi siijui hata njia."

Saa tatu kamili ndipo jambo la kutisha lilipotokea. Simu zililia ua mzima kwa pamoja, mlio mmoja laini wa furaha, mifukoni mwa wafiwa, kwenye makoti, kwenye pindo za kanga. Waombolezaji walitazamana. Mmoja alifungua simu yake, akashika mdomo. Picha za sherehe zilikuwa zimefunguka. Mzee Nsabimana alikuwa pale kwenye kioo, amevaa koti lake la kijivu, anacheka meno yote, na ndani ya nyumba walikuwa wanamvisha sanda.

"Hizi ni nini?" aliuliza Esteri.

Aliyemjibu alikuwa Elie, kijana wa miaka thelathini hivi, mtoto wa marehemu mdogo wake mzee. Mzee na Mama Esperance ndio waliomlea. Alifanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya Kasulu. Tangu alfajiri alikuwa hajakaa. Yeye ndiye aliyewapelekea wazee viti, yeye ndiye aliyemletea Esteri chai, akakumbuka kuuliza kama anatumia sukari.

"Kamera ya wageni, afande. Kulikuwa na kadi juu ya kila meza. Unaielekezea simu, inakufungulia ukurasa wa kupigia picha. Kama zile kamera za filamu za kutumia mara moja ukatupa: unapiga, huoni ulichopiga mpaka kesho yake. MC akatangaza picha zote zipigwe kwa njia hiyo, watu wakapenda."

"Nani aliisimamia?"

"Mambo ya picha ni ya Claudine. Mi hata kuifungua sijui."

"Mzee alipopewa mrija ulikuwa wapi?"

"Nje, kwenye jenereta. Muziki ulikuwa unakatika katika." Akashusha sauti. "Afande, sipendi kumsema mtu. Mama Consolée ni mtu wetu. Watu wanavyomsema naumia. Ila kama unatafuta aliyetishia, mtafute Rigobert, mpiga picha wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alisema mbele ya watu, 'Mutaona!'"

Esteri aliandika jina. Kabla ya kuondoka alimwomba Mama Esperance amwonyeshe mrija wa mzee. Ulining'inia sebuleni kwenye msumari wake, tete nyeusi iliyoiva kwa moshi wa miaka mingi. Esteri aliupeleka puani.

"Umeoshwa?"

"Auoshe nani, mwanangu? Mwenyewe alikuwa anakataza. Kila sherehe alisema, uacheni unuke pombe mpaka wiki iishe."

"Nusa wewe."

Mama Esperance alinusa. Akanusa tena upande wa chini, ule unaozama kwenye mtungi. "Moshi mtupu," alisema polepole. "Hauna pombe."

"Nani aliutundika hapa?"

"Nimeukuta tu jioni. Nilidhani kautundika mwenyewe."

Basi mzee alinywa kwa mrija mwingine. Sumu haikuwa mtungini, ndiyo maana wenzake walikuwa wazima. Ilikuwa ndani ya tete, na tete ile ilikuwa haipo. Esteri aliwauliza wageni mmoja mmoja nani alimpa mzee mrija. Wengi walijibu bila kusita: Consolée. Walipoulizwa alikuwa amesimama au ameinama, kila mtu alisema lake. Ulimi ukishatangulia, macho hufuata.

Mchana ule Esteri alimchukua Consolée akamlaza kituoni, na alipomwambia ni kwa usalama wake, Consolée aliitika kwa kichwa bila kuamini. Konstebo wa zamu alimpa koti lake ajifunike. Jumatatu mzee alizikwa, na jioni yake mawe yalirushwa juu ya bati la nyumba ya Consolée iliyokuwa tupu.

Jumanne Esteri alishika barabara ya Kasulu mpaka kambi ya Nyarugusu. Alimkuta Rigobert sokoni, chini ya turubai, akitengeneza redio. Aliposikia neno polisi aliweka bisibisi chini na kuinua mikono yote miwili kama mtu wa sinema.

"Shusha mikono, kaka. Kwa nini ulisema mutaona?"

"Bon, mama afande, minasema ukweli. Walinipa kazi ya foto, kisha wakaninyanganya. Nikasema mutaona! Mutaona foto zenu zitakuwa mubaya! Wageni wanakata watu vichwa, wanapiga foto ya sahani. Sikusema mutu atakufa."

"Lakini ulikwenda kwenye sherehe."

"Nilikwenda, nikakula. Mama Esperance alinipa nyama mara mbili, anasema pole mwanangu. Mutu akikupa nyama mara mbili, wewe utaua bwana yake? Hata shetani anasubiri kidogo."

Esteri alijizuia kucheka. "Nani alikunyang'anya kazi? Claudine?"

"Hapana. Claudine alitaka mimi pamoja na ile ya simu. Ni ule Elie. Anasema siku ile apareye ya foto hata moja hapana, ni kadi tupu." Rigobert alitikisa kichwa. "Nilishangaa. Sherehe bila mupiga foto ni kama misa bila padri."

Njiani kurudi Kibondo Esteri alifungua daftari lake. Elie alikuwa amesema hata kuifungua hajui.

Jumatano asubuhi alikaa na Claudine jikoni, mbali na masikio ya watu. Binti alikuwa amefunga kitambaa cheusi, harusi imeahirishwa, hina bado haijafifia mikononi.

"Nieleze mlivyoichagua hii kamera," alisema Esteri. "Usiruke kitu."

"Tulikaa Kasulu, mimi na kaka Elie, tukaangalia huduma tatu. Ya kwanza ilitaka kila mgeni apakue programu kwenye simu. Tukaiacha. Nani wa huku atamaliza bundle yake kwa ajili ya sherehe yangu? Ya pili haikuhitaji kupakua kitu, ni kadi tu, na picha zinaonekana hapo hapo kwenye kioo kikubwa. Mimi niliipenda hiyo. Nilitaka baba ajione akiwa bado amekaa. Kaka akasema hapana, tuchukue ya tatu. Kila mgeni ana picha zake chache, hakuna anayeziona, zinafunguka kesho yake saa tunayotaka. Akasema utamu ni kusubiri. Na akasema mwenye sherehe anaweza kuzipitia kwanza akaondoa zile mbaya, mtu aliyelewa, mtu aliyefunguka nguo."

"Kuzipitia kabla hazijafunguka."

"Ndiyo."

"Nifungulie."

Walizitazama pamoja. Ngoma, vicheko, sahani, watoto, vichwa vilivyokatwa kama Rigobert alivyotabiri. Esteri alizipitia zote, akarudi mwanzo, akazipitia tena.

"Claudine, mkubwa anapopewa mrija mbele ya mtungi, watu hufanya nini?"

"Husimama wote, hupiga makofi. Ndiyo kilele cha sherehe kwetu. Akishavuta ndipo husimama kusema neno lake, na neno lililosemwa mbele ya mtungi halirudishwi. Hata mahakama ya huku hulisikiliza."

"Watu walipiga picha wakati huo?"

"Afande, simu zilinyanyuliwa kama mahindi yaliyochanua! Mimi nilikaa nyuma, nikaona migongo na mikono tu..." Akaacha. Kidole chake kilianza kupandisha picha haraka, juu, chini, juu. "Haipo," alisema. "Hakuna hata moja."

"Simu yako ilikuwa wapi siku ile?"

"Imezimwa. Mama aliifunga kwenye kanga tangu asubuhi. Binti anayeagwa hashiki simu."

"Nani mwingine anajua namba ya siri?"

Claudine alisukuma kuni ndani. Moto ulipasuka mafigani, akashtuka. "Yeye ndiye aliyeiandika," alinong'ona. "Lakini afande, yule ni kaka yangu. Alikuwa ananibeba kwenda shule mvua ikinyesha."

"Badilisha hiyo namba sasa hivi, mbele yangu. Usimwambie mtu. Na baba yako, siku ile alisimama kusema neno?"

"Hapana. Alisema tumbo limemvuruga kidogo, atasema baadaye."

Kufuta picha si kuua mtu. Esteri alilijua hilo, na hakimu angelijua zaidi. Aliketi kwenye kiti cha ofisi akasoma maelezo ya huduma ile mstari kwa mstari, yale ambayo kila mtu huyaruka na kubonyeza nimekubali. Karibu na mwisho palikuwa na sentensi moja. Picha iliyopigwa bila mtandao hubaki ndani ya simu ya mgeni, na hupanda yenyewe siku mtandao utakaporudi.

Alimpigia Claudine. "Nani alikuwa mbele kabisa na simu juu, lakini huoni hata picha yake moja?"

Claudine hakufikiri. "Bibi Kezia, shangazi wa baba, wa Mabamba. Alinipiga picha mpaka nikamwonea huruma mkono wake."

Vijana wa mjini, na watu waliokaa mjini sana, huacha data ya simu ikiwa wazi mchana na usiku. Watu wa Mabamba hawafanyi hivyo. Wao hufungua, humaliza shida yao, hufunga, kama mtu anayefunika chungu cha mboga. Elie alikulia hapa, lakini alikuwa amelisahau hilo.

Bibi Kezia alikuwa anaanika muhogo uani, upande ambao vilima vya Burundi vinaonekana ng'ambo.

"Mwakeye, bibi."

"Mwakeye, mwanangu. Umekuja kunikamata? Ngoja nimalize muhogo."

"Nimekuja kwa ajili ya simu yako. Siku ya sherehe ulipiga picha?"

"Nilipiga! Lakini kile kitu kilikataa. Nilifungua data, kadi ikafunguka, nikafunga data haraka, maana vitu hivi hula bundle kama mbuzi. Nikawa nabonyeza tu, jua likiwa machoni, hata sikuona ninachopiga. Mjukuu wangu kaniambia sikupata hata moja."

Simu ilikuwa ndani ya kopo la chai, imefungwa kwa kitambaa. Esteri alitamani kufungua data pale pale, lakini kwenye kioo palikuwa na jina la mtandao wa ng'ambo. Mabamba simu hukamata minara ya Burundi, na hapo picha isingepanda popote. Labda ilikuwa afadhali. Alitaka picha zile zifunguke mbele ya macho mengi, asije mtu akasema polisi wamezitengeneza. Ila hata yeye hakujua ndani yake mna nini. Pengine mlikuwa na dole gumba la bibi na migongo ya watu.

"Bibi, kesho utanisindikiza Kibondo? Mama mmoja anaweza kupoteza nyumba yake."

Bibi Kezia alitazama muhogo wake, akatazama mbingu. "Haitanyesha," alisema. "Twende."

Alhamisi, saa nne asubuhi, wazee walikuwa wamekaa kwenye viti ambavyo Elie alivipanga. Consolée aliletwa kutoka kituoni, akasimamishwa kando ya ukuta. Vijana wachache nyuma walikuwa wameshika mawe, hata hawakuyaficha. Mzee mmoja alikuwa ameanza kusema kwamba ukoo umefikiri, na umeona kwamba jirani asiyeaminika hawezi kubaki, wakati Esteri alipoingia akimshika bibi Kezia mkono.

"Naomba radhi, wazee. Kabla hamjamaliza, bibi ana picha ambazo hazijafunguka."

Elie ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea. Alikuja na kiti cha bibi, akamkalisha vizuri, akanyoosha mkono kwa upole.

"Lete simu bibi, nikuwashie. Macho yako yatakusumbua."

"Mwache," alisema Esteri. "Anajua kuwasha."

"Nataka kumsaidia tu, afande."

"Umesaidia sana wiki hii. Kaa."

Bibi Kezia alibonyeza kwa kidole chake kilichopinda. Hakuna kilichotokea. Mtu mmoja alikohoa. Vijana wa nyuma walianza kuguna. Elie alikuwa ameitoa simu yake mwenyewe, anaandika kitu haraka, anaandika tena, na jasho lilikuwa limetoka juu ya mdomo wake.

"Namba ya siri imebadilishwa, Elie," alisema Esteri bila kupaza sauti. "Usijisumbue."

Ndipo ule mlio laini ulipolia tena, simu moja, kisha nyingine, kisha ua mzima.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Claudine. Ya pili ilikuwa dole gumba. Ya tatu ilikuwa mtungi, na Consolée ameinama ameushika kwa mikono yote miwili, macho chini. Mbele ya mzee alikuwa amepiga magoti Elie, anampa kwa heshima mrija mpya wa tete nyeupe. Mzee alikuwa ameuinamia akitabasamu. Ya nne ilikuwa imepigwa mara tu baada ya hapo: mkono wa Elie uko ndani ya koti, na ncha ya mrija ule mweusi bado inaonekana, inaingia chini ya kwapa.

Jiwe moja lilianguka chini, kisha jingine.

"Uliniambia ulikuwa kwenye jenereta," alisema Esteri. "Ukaniambia kamera huijui. Uliichagua wewe, kwa sababu hii peke yake ilikupa usiku mmoja wa kufuta. Ukamwondoa Rigobert kwa sababu kamera yake usingeweza kuifuta. Ukarudisha mrija mweusi msumarini. Tete nyeupe uliitupa wapi?"

Elie aliwatazama watu kama mtu aliyeamshwa. "Nilitaka aumwe tu," alisema. "Siku ile moja. Alale, asisimame. Nilitia kidogo. Naapa nilitia kidogo."

"Asisimame aseme nini?"

"Alikuwa anampa Consolée lile shamba! Mbele ya mtungi! Aliniambia mwenyewe, akicheka, kama zawadi ya kumuaga Claudine. Likishasemwa pale limekwisha. Lile lilikuwa la baba yangu. Baba amezikwa mle. Mimi nilikuwa mtoto, hakuna aliyeniuliza."

"Na huyu mama walipotaka kumfukuza?"

"Sikumtaja. Watu walisema wenyewe. Mimi nilinyamaza."

"Ulikuwa na picha zinazomwokoa," alisema Esteri. "Ukazifuta, ndipo ukanyamaza."

Mama Esperance alikuwa amesimama mlangoni. Alitembea polepole mpaka mbele ya kijana aliyemlea, na watu walidhani atampiga.

"Elie," alisema. "Kila kiangazi nani anafyeka kaburi la baba yako?"

Elie aliinua uso, akamtazama Consolée.

"Nani alilizungushia mawe mwaka ule wewe uko Dar, mvua ilipolibomoa? Hukuuliza. Ungeuliza, mwanangu." Akamgeukia Consolée aliyekuwa bado kando ya ukuta, koti la konstebo mabegani, akamshika mkono, akampeleka kwenye kiti kilichokuwa kitupu katikati ya wazee. "Kaa hapa. Neno la mume wangu nalisema mimi, na ninyi wote mmelisikia. Shamba ni lake."

Mzee aliyekuwa ameanza hotuba alivua kofia. Akamwambia Consolée samahani, kwa Kiha, kisha akarudia kwa Kirundi ili asiwe na shaka. Consolée aliinamisha kichwa tu. Nyuma, wale vijana walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Tete nyeupe ilipatikana ndani ya shimo la choo cha zamani, mahali Elie alipopaonyesha. Elie alisubiri gari la kumpeleka Kigoma kwa kesi.

Asubuhi ya Jumamosi Mama Esperance alifika kituoni amebeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Sajenti Esteri alifunua kitambaa, akakirudisha. Alimfungulia mlango wa kwanza, akamletea kiti.

Elie alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya nondo, amekonda kwa siku mbili. Hakuinua uso.

"Ni ugali wa muhogo na maharage," alisema Mama Esperance. "Nimeyachemsha sana, najua hupendi magumu. Kula."

"Siwezi."

"Utaweza. Anza na kidogo."

Alikula kidogo. Mama Esperance alikaa akimtazama bila kumwambia amemsamehe, kwa sababu ilikuwa bado si kweli, na yeye hakuwa mtu wa kusema uongo hata wa huruma. Kila alipofumba macho aliuona ule mkono umening'inia kitandani. Alisubiri mpaka bakuli likaisha, akalipokea kupitia nondo, akalifuta kwa kitambaa, akasimama.

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake, ndogo, kama ya yule mtoto aliyeletwa nyumbani kwake zamani akiwa hana baba.

"Mama. Utakuja tena kuniona?"